Ngazi Njo Iko Mugonjwa

Mbao yetu ya kukalia iko pale ambapo barabara ya kuteremuka sokoni inakutana na njia ya kanisa, mbele ya meza ya Mama Vahwere. Ni mbao moja tu juu ya matofali, na wa ncha ya huku akisimama bila kuonya, wa ncha ya kule anaanguka. Mama Vahwere alihama Butembo na mapishi yake ya kahawa, anaitia tangawizi mpaka koo inaamka. Kamate, fundi wa pikipiki, tunamwita Ingénieur. Dady tunamwita Chini-kwa-Chini, kwa sababu ujana wake wote aliuacha katika mashimo ya dhahabu kule Kilo. Lambert, mutengeneza radio, ni Shoferi: polio ilimukamata miguu akiwa mutoto, naye anatembea na trisikle, ile baiskeli ya mataili matatu anayozungusha kwa mikono. Mimi wananiita Shemasi. Ni kazi yangu kanisani, na pia, nakiri, ninapenda kuhubiri mahali ambapo hawakunialika.

Jumamosi hiyo Lambert alichelewa. Alifika amevaa shati jeupe, limepigwa pasi.

— Eh, Shoferi! Kamate akapiga kelele. Shati ya Noeli, na Noeli ingali mbali! Unaenda kuoa tena?

— Nilienda ku musée.

— Na uliona nini?

— Niliona ngazi.

Hakuna aliyecheka. Wote tunaijua ile nyumba ya zamani ya wakoloni, ambayo sasa wameweka ndani historia ya muji na ya dhahabu. Iko juu ya musingi murefu, na ngazi zake zinapanda kama zinaenda mbinguni. Séphora, binti ya Lambert, alikuwa ameingia na wenzake wa masomo, akarudi nyumbani akisema: Papa, niliona tipoi, ile kiti ya miti mbili Bazungu walikuwa wanabebewa ku mabega ya batu. Tangu siku hiyo Lambert hakuzungumza kitu kingine.

— Na Anselme, ule mulinzi, alikuambia nini? Mama Vahwere akauliza, akimupa kikombe.

— Alisema ningoje, atatafuta batu ya kunibeba. Nikamwambia hapana, nikageuza trisikle.

— Sasa kiburi hiyo ya nini, baba Séphora?

Lambert akapuliza kahawa yake.

Hapo mimi nikaingia na hubiri langu.

— Shoferi, tufunge kesho, tuombe. Bwana akusimamishe, upande zile ngazi na miguu yako.

Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

— Omba, Shemasi, sikukatazi. Mama yangu aliombaka mpaka akazeeka. Lakini miguu yangu hainiume tena, tulishazoeana. Ukipiga magoti leo, ombea ngazi. Ngazi njo iko mugonjwa.

Mama Vahwere alicheka mpaka kifuniko cha terimosi kikaanguka. Mimi nikameza kahawa ingali moto, ili niwe na sababu ya macho kutoka machozi.

— Muache maombi, hii ni kazi ya ufundi, Kamate akasema. Tunatwaa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea magunia ya makaa. Tunamufunga Shoferi juu yake na kamba ya mupira. Kamba moja inapita ku dirisha, ku ngambo ingine pikipiki inavuta. Gia premier, gia deuxième, anaingia!

— Na akishaingia, pikipiki itasimamia wapi? Mama Vahwere akauliza.

— Breki itajaribiwa.

— Itajaribiwa na baba ya batoto ya watu?

— Weye Ingénieur unawaza juu-juu, Dady akasema. Mutu hapandi, mutu anapita chini. Tunachimba hapa ku barabara, tunasimamisha miti kama ku Kilo, shimo inaenda polepole, trisikle inapita bila shida. Tutatokea katikati ya salon ya musée.

— Chini ya nyumba ya serikali?

— Na tukikuta dahabu njiani, tunajenga musée ingine, ya chini kabisa.

— Mutafungwa bote, Mama Vahwere akasema. Na mi nitawaletea kahawa ku gereza, mutalipa cash.

— Basi tupandishe barabara! Kamate akasimama, na Dady karibu aanguke. Tulete udongo mwekundu, camion kwa camion, tujaze, mpaka barabara ifike sawa na mulango ya musée. Ngazi zitazikwa zenyewe.

— Na nyumba yangu yenye iko pembeni? nikauliza.

— Shemasi, weye utaingilia ku dirisha. Utazoea.

Tulicheka wote, hata Lambert kidogo. Ndipo Dady akapiga mapaja yake.

— Ah! Kumbe dawa iko mule ndani! Ile tipoi! Anselme aitoe inje, Shoferi akae juu, siye batatu na Anselme tumubebe na nyimbo, kama mukubwa wa zamani!

Mimi nilicheka kuliko wote. Bwana anisamehe, nilianza hata wimbo.

Lambert aliweka kikombe chini.

— Babu yangu alibebaka tipoi, akasema. Kutoka Kilo. Bega yake ya kuume ilikuwa na nundu kama ngumi, ngumu. Nikiwa mutoto, aliniwekaka hapo juu, nikiikalia, akaniambia: mujukuu, mi nilibeba batu benye walikuwa na miguu. Weye, hakuna mutu atakubeba kama muzigo nikingali muzima. Njo alinitengenezea kigari ya kwanza, ya mbao, na mikono yake. Sasa munataka nikaone ile kiti nikiwa mugongoni mwa batu?

Kamate akakaa polepole. Dady akavua kofia. Mimi nikaukata wimbo wangu katikati.

— Pardon, Shoferi, Dady akasema.

— Haiko kitu. Nataka tu niishike pale bega yake ilikuwa. Basi.

Wakati huo mama mumoja alishusha kikapu cha maharagi karibu na meza. Alisema anaitwa Honorine, mugeni kutoka Gety, akaomba kahawa bila sukari. Alikuwa amesikiliza akisimama.

— Samahani, ba-papa. Hiyo nyumba iko na nini ingine ndani?

— Mapicha, Kamate akamujibu. Vyungu. Mizani ya dahabu. Na wagoni moja ya mugodi, ile ya kusukumia mawe, chuma tupu, na mataili yake. Batu kumi hawainue.

— Ah, akasema Honorine. Akakunywa. Na hiyo wagoni, iliingilia wapi?

Tulitazamana. Dady, aliyesukuma wagoni ujana wake wote, akaanza kuchora katika vumbi na kidole, akaacha. Mimi nilitazama kahawa yangu. Tulipoinua macho, Lambert alikuwa ameshageuza trisikle, mikono yake inazunguka, shati jeupe limejaa upepo.

Tulimukuta nyuma ya ile nyumba ya musée, kwenye majani. Anselme alikuwa anaondoa viti vya plastiki vilivyorundikwa mbele ya mulango mupana wa mbao. Huko nyuma kilima kinapanda, udongo unafika sawa na sakafu ya saruji ya ndani. Alama za mataili ya chuma zilikuwa zingali pale.

— Lakini huu mulango ni ya vitu, Anselme alikuwa anasema, amechanganyikiwa. Haiko ya batu.

— Basi leo unihesabu ku vitu, Lambert akamujibu. Kesho utanihesabu ku batu.

Akaingia. Hakuna aliyemusukuma.

Tipoi ilikuwa imewekwa juu ya vigingi, na kibao: Usiguse. Anselme alisoma kibao, akamutazama Lambert, halafu akageuka kutazama dirisha kwa muda murefu. Lambert alipitisha kiganja juu ya muti, polepole, kutoka ncha.

— Hapa iko na makwaruzo, akasema. Hapa pia.

Mukono ukasimama.

— Hapa iko laini.

Kamate alikuwa anajifanya anakagua wagoni. Dady hakujifanya kitu, alilia tu.

— Shemasi, Lambert akasema bila kugeuka. Sasa omba.

Nilifunga macho. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunikosa, nilitafuta hata moja, sikupata. Nikasema tu Amina. Kutoka mulangoni nikasikia sauti ya Mama Vahwere, ambaye alikuwa amemwachia Honorine wa Gety meza na terimosi, akiitikia: Amina.