Mayai ya Mwalimu Enelesi Chimtengo

Ninayesoma haya ni Jekapu, mdogo wake marehemu na mlezi wa ukoo huu. Kwetu ndugu wa kiume ndiye anayewasemea dada zake, na kazi yake ya kwanza ni kushuku: amshuku mchumba, amshuku mgeni, amshuku hata mganga. Mkinisikia nikishuku leo, mnivumilie. Nimeifanya kazi hii miaka hamsini na sijui nyingine.

Marehemu Enelesi alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 hapa Kanyenje, wilayani Ntchisi, mtoto wa kwanza wa Mzee Chimtengo na Bibi Felesiya. Alisoma shule ya misheni akamaliza darasa la nane mwaka 1967, kisha akapata mwaka mmoja wa mafunzo ya mapishi na malezi. Alirudi na daftari moja, na tangu siku hiyo hatukula kwa raha. Chakula, alisema, kina makundi sita, na mtoto anayekula nsima, ugali wetu, na mboga tu ameambulia mawili.

Mwaka 1972 aliolewa na Lyson Gwengwe, seremala, aliyehamia kwetu kama ilivyo desturi. Nilimchunguza miaka miwili, sikupata kitu. Shemeji alitutoka mwaka 2009, na nililia kuliko nilivyotegemea.

Mwaka 1994 marehemu alifungua shule ya watoto wadogo kando ya kanisa. Kila asubuhi alichora miduara sita mchangani: wa nsima na viazi, wa maharage na karanga, wa nyama, samaki, mayai na panya wa kuchoma, wa mboga, wa matunda, na wa mafuta. Mtoto aliruka toka mduara hadi mduara kwa kila alichokula jana. Akina mama hawakupenda. "Huyu anachungulia vyungu vyetu," walisema kisimani. Wakawafunza watoto uongo, na haikupita wiki wote thelathini na mmoja wakawa wanasukumana kwenye mduara wa nyama. "Wanangu," marehemu akawauliza, "kuku wote hao, manyoya yao mnayatupa wapi?"

Baadaye alikuja mmoja asiyedanganya. Novemba 1997, ghala zikiwa tupu, Tiyamike binti Sofileti, mtoto wa miaka minne, alikuwa amevimba miguu na nywele zimegeuka nyekundu. Asubuhi moja aliingia kwenye mduara ule akasema, "Nimekula yai." Wiki hiyohiyo mayai ya mke wa mkuu wa kijiji yalikuwa yamepotea kwenye kiota. Kabla ya jioni maneno yalikuwa yamefika barazani. Sofileti, mama wa mtoto, akaitwa, na adhabu ilikuwa kuhama kijiji.

Nilikaa karibu na dada. Nilimwambia, "Dada, nyamaza. Hili si letu." Aliinuka akanikanyaga mguu, nadhani kwa makusudi.

"Mayai aliyokula mtoto ni yangu, na kuku ni wangu," alisema. "Namlisha mimi, nyuma ya mlango wa shule, siku ya kumi na tisa leo. Mama yake hajui."

Enzi zile mtoto hakupewa yai. Wazee walisema akilizoea atakua mwizi. Kwa hiyo Sofileti alipona, dada akaangamia. Kesho yake shuleni walikuja watoto wanne. Alifundisha wanne hao hadi mavuno, nywele za Tiyamike ziliporudi nyeusi na watu wakajionea. Ndipo wengine wakarudi, mmoja mmoja, bila kuomba radhi. Kuhusu nani aliiba mayai ya mkuu, nina jina, na mwenyewe yuko hapa safu ya pili. Leo si siku yake.

Mwaka 2019 marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari. Wapo waliocheka kwamba mwalimu wa chakula kashindwa na chakula, nao nawajua. Alipozidiwa mapema mwaka 2023, Tiyamike, sasa mhudumu wa afya, aliomba likizo akaja kumuuguza. Minong'ono ikaanza: "Yule wa mayai huyo. Kaja kuiba nyumba." Naona aibu kusema, niliisikiliza. Nikawa naonja kila bakuli la uji kabla ya dada.

"Jekapu, unaonja nini?" aliniuliza siku moja.

"Chumvi tu, dada."

"Mwongo mkubwa. Huo uji una mahindi, karanga na mboga. Makundi matatu. Sumu haimo hata katika yale sita."

Tiyamike alikuwa mlangoni, akasikia yote. Kesho yake alileta bakuli lilelile na vijiko viwili, akanipa changu kwanza. Alifanya hivyo kila siku, hadi dada alipofariki tarehe 3 Machi 2023, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti huyo. Kijiko changu ninacho mfukoni.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, wajukuu saba na watoto watatu: Madalitso, Gresham na Tiyamike. Jina la tatu nimeliandika mimi, mlezi wa ukoo, na nyumba ni ya wote watatu. Mwenye shaka anione baada ya mazishi. Chakula cha leo amepika Tiyamike. Nitakula wa kwanza, bila kuonja.

Lala salama, dada. Mungu akupe pumziko ulilotunyima sisi kwa ajili ya watoto wetu.