Kisu cha Mwisho cha Hatulii

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Punguzeni moto jikoni, mwiteni na jirani. Leo tunamkumbuka mhunzi aliyetutoka Alhamisi iliyopita. Mtaa mzima ulimwita Hatulii. Hata mkewe alimwita hivyo hivyo.

Na kweli hakutulia. Chai aliinywa akitembea. Kwenye harusi za watu, mkono mmoja ulishika sahani, wa pili ulikuwa jikoni unapima makali ya visu vya wapishi. "Nimeolewa na upepo," mkewe alizoea kusema, "tena upepo wenye nyundo."

Alifua visu vikubwa kwa springi za malori. Na hakuna kisu kilichotoka kwake bila kujaribiwa. Narudia: hakuna. Kwanza kamba nene inayoning'inia, pigo moja tu. Kisha gogo kavu, mapigo mpaka jasho limtoke. Halafu anapitisha ukucha kwenye makali. Ukucha ukikwama, ujue makali yamemeguka. Hapo kisu kinabanwa kwenye jiliwa la mezani na kuvunjwa.

"Kisu kibovu kikitoka hapa," alisema, "kitarudi na kidole cha mtu."

Sasa, Alhamisi hiyo aliacha kimoja mezani. Kimenolewa, kina mpini, hakijajaribiwa. Muuza nyama aliyekiagiza alikuja msibani, akakiulizia kwa aibu.

Binti mkubwa wa marehemu, aliyefua chuma na baba yake tangu amalize shule, akakosa raha. Anakaa, anainuka. Anaingia karakana, anatoka. Alikuwepo siku baba alipokitoa kile kisu motoni. Chuma kiling'aa kupita kiasi, dalili ya chuma kilichoungua, na macho ya mzee yalishaanza kumdanganya.

Shangazi yake alishakata shauri. "Kitundikwe ukutani. Ndiyo jasho lake la mwisho."

"Shangazi, hakijajaribiwa."

"Na kikishindwa?"

"Kinavunjwa."

"Wewe mtoto! Kaka yangu hata udongo haujakauka!"

Binti akaenda kufunga kamba. Nyumba nzima ikamfuata uani, vikombe mikononi. Mnatujua, wasikilizaji, mambo kama hayo hatusimuliwi.

Pigo moja. Kamba chini! Watu wakapiga makofi, wakasahau wamekuja kulia.

"Haya, kimepita," shangazi akasema upesi. "Tukale."

Binti akageukia gogo. Akapiga, akapiga. Kisha akapitisha ukucha, taratibu. Ukakwama. Akarudia. Ukakwama palepale.

Akamgeukia mama yake.

"Unanitazama nini?" mama akasema, machozi yakimtiririka. "Jiliwa hulioni?"

Kisu kilivunjika kwa mlio mmoja mkavu. Shangazi akaangua kilio. Muuza nyama akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Basi, dada... changu utanifulia wewe?"

"Nitakufulia. Ila usije kunisimamia kichwani."

Kwa mjane, kwa binti, na kwa shangazi ambaye nasikia bado amenuna, poleni sana. Tuko nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize: kazi ya mikono yetu, tukiondoka, kuna atakayethubutu kuipitishia ukucha?

Jana asubuhi nilipita pale. Tanuri linawaka. Binti yuko mlangoni na kikombe cha chai, hajakaa. Nikamsalimia. Akaitikia akiwa ameshanipa mgongo.