Shangazi na Majoka ya Nukta Nundu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya vitabu vya wasioona, msahihishaji wetu mkuu anastaafu. Jina lake limo kwenye tangazo la uongozi lililobandikwa mlangoni, lakini hapa kazini hakuna anayelitumia. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Shangazi. Hata wanaomzidi umri wanamwita hivyo hivyo, wala hawaoni haya.

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu. Nikiteleza, asinilaumu. Nimekaa meza moja na Shangazi muda mrefu kuliko nilivyokaa na mtu yeyote wa nyumbani kwangu, na Jumatatu nitakaa peke yangu.

Kwa wenzetu ambao hawajawahi kupanda hadi kwetu ghorofani, kazi yenyewe iko hivi. Kitabu cha wino hugeuzwa kuwa nukta nundu, yaani vinundu vidogo vilivyoinuka juu ya karatasi nene, na asiyeona huvisoma kwa ncha za vidole. Kabla hakijatoka ni lazima kisahihishwe. Mwenye macho hukisoma kile cha wino kwa sauti, neno kwa neno na alama kwa alama. Asiyeona huzifuata nukta kwa vidole, na pakiwa na kosa humsimamisha mwenzake. Macho ni yangu. Vidole ni vya Shangazi.

Surua ndiyo iliyomwondolea kuona, akiwa darasa la tatu. Miezi ile ya kukaa ndani, kaka yake alimsomea hadithi ya watoto waliotumbukia kisimani wakajikuta katika nchi ambayo vivuli vinauzwa sokoni. Hadithi ilipofika katikati, kaka mtu akapata kazi ya mbali, akaondoka na kitabu kwenye begi. Shangazi akapelekwa shule ya bweni ya wasioona akiwa na nusu ya hadithi kichwani. Maktaba ya shule ilikuwa na vitabu vya dini, vya sarufi, na vya mtu mwema ambaye kila sura anazidi kuwa mwema. "Nilivisoma vyote," aliniambia, "mpaka nikamwomba Mungu anipe mtu mbaya, hata mmoja tu."

Alipoajiriwa hapa alikuta hali ni ile ile. Tulichapa mitihani, vitabu vya kiada na mwongozo wa kufuga nyuki. Mwongozo ule tuliusahihisha mara nyingi mno, na hadi leo Shangazi anaweza kukueleza namna ya kumhamisha malkia wa nyuki bila kuudhi mzinga, ingawa hajawahi kukaribia mzinga wowote. Siku moja alikwenda kwa mkuu wa idara wa wakati huo kuomba tuchape riwaya ya watoto, yenye safari, mapango na majoka. Mkuu alikuwa mtu mpole, na alimjibu kwa upole. "Shangazi, mtoto ambaye hajawahi kuona hata mjusi ataelewaje joka linaloruka?"

"Na wewe mkuu wangu mwenye macho," Shangazi akamwuliza, "joka umeliona wapi?"

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kibali kikatoka.

Riwaya ya kwanza ilikuwa ile ya kisimani. Haikuwezekana ianze nyingine. Tulipofika ukurasa wa mwisho, Shangazi aliondoa vidole akajifunika uso. Nilidhani analia. Kumbe amekasirika. "Wote wanaamka, kumbe ilikuwa ndoto! Miaka yote hii nimebeba ndoto ya mtu!" Nilimwuliza kama tukiache. Akasema kitoke hivyo hivyo, maana hata mwisho wa hovyo ni haki ya mtoto.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi ambayo watoto wengi wanamjua kwayo: vitabu vitano vya ndugu wanne wanaomtafuta baba yao katika nchi iliyo chini ya mlima. Kwa wino kila kimoja kinaingia mkobani. Kwa nukta nundu, kitabu kimoja ni rundo la juzuu linalomshinda mtoto kulibeba. Tulifanya kazi ile kwa miaka. Mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma orodha ya dawa, Shangazi akanikataza. "Ukisinzia wewe, na mimi vidole vitasinzia." Basi nikawa nasoma kwa sauti ya joka, pamoja na alama zake: "Joka likafumbua kinywa, mkato, likatema moto, nukta." Mgeni rasmi mmoja aliyekuwa akitembezwa jengoni alisikia kutoka chumbani kwetu sauti inayosema, "Mkateni kichwa! Alama ya mshangao!" Ziara ile haikufika kwetu.

Kwenye kitabu cha pili kulikuwa na ramani. Uongozi ulisema turuke, tuandike tu kwamba hapa pana mchoro. Shangazi hakukubali. Alitengeneza ramani ya kugusa: mto kwa uzi, mchanga kwa mchanga, na msitu kwa nywele za brashi ya viatu alizozikata mwenyewe. Mwalimu wa shule ya wasioona alitupigia simu kusema wanafunzi wanagombea kuuparura msitu. Matroni wa shule hiyo hiyo alipiga kulalamika: taa anazima, lakini usomaji hauzimiki.

Hapo uchangamfu wangu unaanza kuniishia, lakini wasifu usiosema lililompata mtu si wasifu wake.

Zamani kila ukurasa ulichongwa kwanza kwenye bamba la zinki. Ukiwa na mabamba, unaweza kuchapa kitabu upya wakati wowote; ukiyapoteza, umerudi mwanzo. Mabamba yetu yalijaa chumba kizima cha chini, kuanzia sakafuni hadi darini, na Shangazi aliyajua kwa kuyapapasa. Miaka michache iliyopita mumewe, fundi saa aliyekuwa akimleta kazini kila asubuhi, aliugua akafariki. Shangazi akachukua likizo ya msiba. Asiyekuwapo na lake halipo. Katika siku hizo uongozi mpya uliamua kupunguza vyumba, na mabamba yakauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sisi tuliokuwapo tulipinga, tukajibiwa kwamba siku hizi simu zinasoma zenyewe, na mtoto anayetaka hadithi atasikiliza. Aliyeamua hayo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vyumba vichache na maombi mengi, na hakuwa na mtu nyumbani kwake anayesoma kwa vidole.

Shangazi aliporudi kazini alitaka kwanza kushuka chumba cha chini. Nilimfuata, sikujua nianzeje. Akafungua mlango, akanyoosha mkono pale rafu ya kwanza ilipokuwa, akagusa ukuta. Akaufuata ukuta mpaka kwenye kona, akageuka, akaufuata mpaka kona nyingine. Nyayo zake zilikuwa zinarudisha mwangwi, na chumba kile hakijawahi kuwa na mwangwi.

"Yamehamishwa?" aliniuliza.

"Yameuzwa, Shangazi."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ya watoto?"

Nilimshika mkono, naye akaelewa. Akakaa chini sakafuni na nguo zake za msiba. Akasema, "Mume wangu nilimwuguza, nikamuaga. Hawa hawakuniachia hata kuaga."

Alikata kauli palepale kwamba vile vitano vitarudi. Shuleni nakala zilikuwapo bado, lakini zilikuwa zimesomwa mno; vidole vya watoto vilikuwa vimezilaza nukta, ukipapasa ni kama unapapasa meza. Ikabidi tuanze upya kwa kompyuta na mashine mpya ya kuchapia, ambayo haihitaji bamba. Kuchapa kulikuwa rahisi kuliko zamani. Kusahihisha kulibaki kule kule: sauti yangu na vidole vyake. Aliwahi kuwafundisha wasahihishaji wengine watatu, lakini walipata nafasi kwingine, na viti vyao havikujazwa.

Kitabu cha kwanza kilitoka. Cha pili kikatoka, na ramani yake. Tulipokuwa kwenye cha tatu, aliacha kosa lipite: jina la kitinda mimba wa wale ndugu lilikosewa herufi, naye akalivuka bila kunisimamisha. Nililigundua mimi kwa macho, kwa bahati tu. Nilipomwambia, alirudi kwenye mstari ule, akaugusa, akaugusa tena. Kisha akageuza kiganja juu, akawa anajikuna ncha za vidole kwa kucha.

Ilikuwa kisukari. Alikuwa nacho siku nyingi, akikinyamazisha kwa vidonge, na sasa kilikuwa kimeanza kumtia ganzi. Alihamia mkono wa kushoto. Ukamfaa kwa muda, nao ukafa ganzi. Akajaribu vidole vidogo. Mtu aliyepoteza macho utotoni akajenga nyumba yake yote vidoleni, sasa nyumba ile ilikuwa inazimwa taa chumba baada ya chumba. Hakunililia. Mzaha tu ndio uliopungua, na watu wa mapokezi wakaanza kuniuliza Shangazi ana nini siku hizi.

Kisha asubuhi moja niliukuta mlango wetu umefungwa. Nilibisha, nikaingia. Shangazi alikuwa ameinamia meza, ameishika karatasi pande zote mbili kama mtu anayekunywa uji kwenye bakuli. Alikuwa akiupitisha mdomo wa chini juu ya nukta, polepole, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Usicheke," alisema.

Sikucheka.

"Mdomo bado unaona. Kaa. Tulikuwa wapi?"

"Wanaingia kwenye daraja la mifupa."

"Basi soma. Ila taratibu, mdomo hauna mbio za kidole."

Hivyo ndivyo tulivyomaliza kitabu cha tatu, na hivyo ndivyo tulivyoanza cha nne. Wanaosifu kile kitabu cha tatu, kwamba hakina kosa hata moja, nawaomba wajue kilisahihishwa na nini. Karatasi yetu ni nene na kavu. Ilimpasua mdomo. Akipaka mafuta, karatasi inaingia doa. Asipopaka, mdomo unachanika. Siku moja tone la damu lilidondoka katikati ya ukurasa, ikabidi uchapwe tena, naye akaudhika kwa ajili ya ukurasa. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimpeleka kwa daktari kwa nguvu. Daktari hakuzunguka: kidonda cha mwenye kisukari hakina mzaha, aache.

Aliacha katikati ya kitabu cha nne. Kitinda mimba ameingia pangoni kudai sauti yake iliyomezwa na joka. Joka limefumbua kinywa. Juzuu zilizokwisha zinaishia hapo.

Kikao kiliitishwa kuamua juzuu hizo zifanyweje. Wengi tulisema ziwekwe kabatini hadi apatikane msahihishaji mwingine, maana si vizuri kumkatia mtoto hadithi njiani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Kabatini zitakaa mpaka zisahauliwe," alisema, "na nafasi yangu haitatangazwa kamwe, kwa sababu hakuna atakayeona pengo. Wapelekeeni nusu. Watakasirika. Waache wakasirike. Asiyejua kwamba kitu kipo hawezi kukidai." Mtu mmoja akasema huo ni ukatili. "Ni ukatili," Shangazi akakubali. "Mnao mwingine ulio mdogo zaidi?"

Juzuu zikapelekwa.

Ningependa kuandika hapa kwamba nafasi yake imetangazwa. Haijatangazwa. Kiti kitakuwa kitupu, kitabu cha nne kina nusu, cha tano hakijaguswa. Shangazi anakwenda kuishi kwa binti yake, na hawezi kusoma ukurasa hata mmoja wa kazi aliyoifanya maisha yake yote. Binti amemnunulia simu inayosoma kwa sauti. Nilimwuliza ikoje. Akasema ni adabu tupu, haikosei wala haiogopi.

Kilichobadilika ni simu ya mezani kwetu. Tangu juzuu zile zifike shuleni imekuwa ikilia kila siku saa za mapumziko. Ni watoto, wanapokezana mkono wa simu, wengine wakiwa wakali kweli. Joka linafanyaje? Kile kingine kinatoka lini? Wiki hii Shangazi amewapokea mwenyewe. Yeye hawadanganyi, na mwisho wa hadithi hawaambii, ingawa anaujua kwa moyo. "Sijui kitatoka lini," anawajibu. "Pigeni tena kesho. Na mkurugenzi naye ana simu. Namba yake andikeni." Anawatajia namba taratibu, anasubiri wamalize kuitoboa kwa nukta kwenye karatasi zao, anairudia.

Jana mkurugenzi alipanda hadi kwetu, mara ya kwanza mwaka huu, kuuliza hawa watoto ni akina nani. Shangazi alimvutia kiti.

Shangazi, kwa niaba ya idara na ya watoto ambao hawajui sura yako wala wewe hujui zao, tunakushukuru. Mdomo upone. Sukari ishuke. Binti yako akutunze kama ulivyotutunza, na siku zako zilizobaki ziwe na amani ambayo kazi hii haikukupa. Simu tuachie sisi. Ikilia, tutapokea.