Mwalimu Gaudensi na Kalsiamu ya Ukutani

Mwalimu Gaudensi Isdori Benjamini, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa Mwimbi tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Isdori Benjamini na Mama Rozina, wakulima wa mahindi na ulezi, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo, wiki ya Pasaka. Mama Rozina alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kuuliza, na kwamba ukimtuma ulezi alirudi na swali kabla ya kurudi na ulezi. Walidhani akikua ataacha. Hakuacha, na mengi yatakayosomwa hapa na mdogo wake Cornelia yanatokana na hilo.

Shule ya msingi alisoma hapahapa Mwimbi, mwaka 1974 hadi 1980, akachaguliwa kuingia sekondari ya bweni mwaka uliofuata. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa kemia alichora atomi ubaoni: kiini katikati, na elektroni zimekizunguka kwa matabaka yanayoitwa maganda, kama ya kitunguu. Ganda la kwanza linabeba elektroni mbili, la pili nane, la tatu kumi na nane. Kisha akachora kalsiamu, yenye elektroni ishirini. Akaweka mbili, akaweka nane, akaweka nane nyingine, na mbili zilizobaki akazipeleka ganda la nne. Gaudensi akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. La tatu si linabeba kumi na nane? Mbona tumeliacha na nane tukaenda kufungua la nne?"

"Ndivyo ilivyo," mwalimu akajibu.

Akauliza tena, akapigishwa magoti mpaka kengele ikalia. Familia inalitaja jambo hili kwa kuwa marehemu mwenyewe alilitaja mara nyingi kuliko hata siku ya harusi yake, na kila mara kwa hasira ileile.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984 na cha sita mwaka 1987, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha chuo cha ualimu mkoani Mbeya alikohitimu mwaka 1991. Jibu la swali lake alilipata hukohuko chuoni, na baadaye akawafundisha wanafunzi wake kwa namna ambayo wengi waliopo hapa wataikumbuka. Alikuwa anasema: chukulia kila ganda ni nyumba; nyumba ya nne imejengwa juu ya nyumba ya tatu, ni kweli, lakini nyumba ya tatu ni ndefu, na chumba chake cha juu kabisa kimepita sebule ya nyumba ya nne. Mtu asiyependa kupanda ngazi ataingia wapi kwanza? Ataingia sebuleni mwa nyumba ya nne. "Elektroni ni kama ninyi," alikuwa anawaambia, "zinakwenda pasipo na kazi nyingi." Darasa linacheka, na likishacheka halisahau. Maelezo hayo hayamalizi dakika tano, na yeye alinyimwa kwa karibu miaka kumi.

Alianza kazi Chala mwaka 1991. Hapo ndipo alipokutana na Minza, binti wa Mzee Yonas, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Siku ya kujitambulisha ukweni, Mzee Yonas alimuuliza anafanya kazi gani hasa. Gaudensi, badala ya kusema ualimu akanyamaza, alieleza kwamba anafundisha habari za vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

"Hivyo visivyoonekana," Mzee Yonas akauliza, "vinalisha watu?"

"Vinalisha kidogo, baba."

"Basi lete mshenga," mzee akasema, "lakini hao ng'ombe wawe wa kuonekana."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1995, Parokia ya Chala, na Mungu akawajalia watoto watatu: Silvana, Timoth na Sharon. Minza hakusoma kemia, lakini baada ya miaka thelathini na mtu huyu anaweza kukupangia elektroni za kalsiamu huku anapepeta ulezi.

Mwaka 1998 alihamishiwa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Hatuitaji kwa jina kwa sababu viongozi wake wako hapa, wamekaa safu ya mbele, na tunawashukuru kwa kufika. Kutoka mwaka 2003 hadi 2006 alikwenda kusoma shahada Dar es Salaam, akarudi na habari mpya: kumbe hata kiini chenyewe kina maganda yake. Protoni zina ya kwao na nutroni zina ya kwao, na namba za kujaa si zile za nje. Ndani ya kiini ganda linafunga kwenye mbili, nane, ishirini, ishirini na nane, hamsini, themanini na mbili, mia na ishirini na sita. Kila chembe mle inajizungusha yenyewe huku inazunguka, na mizunguko hiyo miwili ikielekea upande mmoja chembe inatulia chini zaidi. Ndiyo maana hesabu za ndani zinaachana na za nje. Na katika zote aliipenda kalsiamu. Kalsiamu ya kawaida ina protoni ishirini na nutroni ishirini, ndani imefunga mara mbili, haina wasiwasi na mtu. Nje ina elektroni mbili tu za kutoa, na hizo mbili ndizo zinazoifanya ijenge mfupa na ikae kwenye chokaa. "Zile mbili za nje ndizo kalsiamu yenyewe," alisema. "Ukiziondoa pale umechora kitu kingine." Hayo hayamo kwenye mtihani wa kidato cha pili, na alionywa zaidi ya mara moja kwa kupoteza muda wa vipindi.

Sasa tunakuja kwenye ukuta. Ndugu wengine walishauri tuuruke. Mjane amekataa.

Mwaka 2011 walikuja wafadhili kupamba shule. Wakachora kwenye ukuta wa maabara, unaotazama uwanja wa mstari, atomi kubwa ya rangi nne, na chini yake wakaandika kalsiamu. Fundi aliyechora alikuwa ameambiwa kwamba ganda la tatu linabeba kumi na nane, naye kwa akili ya kawaida, bila mtu wa kumsimamia, akaziweka zote kumi zilizobaki kwenye ganda la tatu. Ganda la nne hakulichora kabisa. Mwalimu Gaudensi alikuwa amekwenda kusahihisha mitihani mkoani. Aliporudi, mgeni rasmi alikuwa ameshakata utepe na jiwe lenye jina lake lilikuwa limeshabandikwa pembeni.

Alikwenda ofisini siku hiyohiyo. Aliambiwa picha ni ya wafadhili, waulizwe wao. Wafadhili walikuwa wameshafunga ofisi. Akaambiwa ukuta ni mali ya halmashauri. Halmashauri wakamwambia hilo ni suala la taaluma, arudi shuleni. Shuleni wakamwambia bodi itakaa. Bodi ilikaa ikazungumzia vyoo. Wakati huo wote wanafunzi walikuwa wanasimama mstarini kila asubuhi wakiitazama picha ile, na wakifika kwenye mtihani wanachora kile walichokiona: mbili, nane, kumi. Alikuwa anasahihisha karatasi zao nyumbani, na Minza alijua amefika kwenye swali hilo kwa jinsi alivyokuwa anasukuma kiti. Alisema mwalimu mmoja anafundisha dakika arobaini kwa wiki, na ukuta unafundisha kila siku bila kuchoka.

Mwaka 2016 aliamua yaishe. Alinunua rangi, akaja Jumapili baada ya misa, akafuta elektroni mbili kwenye ganda la tatu, akachora la nne, akazipanga huko. Picha ikawa sahihi kwa wiki tatu. Kisha ukatangazwa ugeni kutoka wizarani, uongozi ukaona picha imeharibiwa, na shule, ambayo haikuwa na hela ya chaki, ikaita fundi kurudisha kosa mahali pake. Mwalimu Gaudensi akaitwa ofisini akaonywa kwa kuharibu mali ya umma. Alipofika nyumbani hakula. Alikaa nje na Timoth, akamwambia, "Mwanangu, leo nimeonywa kwa sababu mbili jumlisha mbili ni nne." Familia iliumia siku ile, na haioni sababu ya kujifanya imesahau.

Aliendelea kufundisha. Kila mwaka aliwapanga kidato cha pili uwanjani wakiwa wenyewe elektroni, mmoja katikati ameshika jembe akiwa kiini, wengine kwa duru zao, na wawili wa mwisho walikuwa wanasimama mbali peke yao. Duru ile aliipanga mbele ya ukuta uleule, makusudi. Wanafunzi wake ni manesi, mafundi, walimu na padre mmoja, na kati yao hakuna aliyepigishwa magoti kwa kuuliza.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022 kwa maumivu ya mgongo. Alipewa dawa za kutuliza, akaambiwa ni uzee, akaambiwa ni kuinama, akaambiwa apunguze baiskeli. Ilipita zaidi ya mwaka kabla ya mtu kupima damu yake vizuri. Ndipo alipopelekwa rufaa Mbeya, ikaonekana ni saratani ya uboho. Daktari alimweleza kwamba kalsiamu inatoka kwenye mifupa inamwagikia kwenye damu. Mwalimu Gaudensi alimtazama akamwambia, "Daktari, kumbe hata mwilini mwangu kalsiamu imewekwa mahali si pake." Daktari hakuelewa, Silvana akalazimika kutoka nje akalie. Alitibiwa kwa moyo na wauguzi wa pale, tunawashukuru sana, lakini tulikuwa tumechelewa, na hilo linatuuma.

Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba mwaka huu, akiwa hawezi tena kuketi, ujumbe kutoka shuleni ulikuja kumwona nyumbani, ukiongozwa na Mkuu wa Shule, Mwalimu Eustaki, pamoja na mwenyekiti wa bodi. Walileta sukari na sabuni. Mkuu akasema wana habari njema: ule ukuta umesharekebishwa.

"Zile mbili mmeziweka wapi?" mgonjwa akauliza.

"Palepale zinapotakiwa, Mwalimu."

"Mmetumia rangi gani?"

Mkuu akasema bluu, na mwenyekiti, kwa wakati uleule, akasema nyekundu. Mwalimu Gaudensi akawashukuru, akawaombea safari njema. Walipotoka akamwambia mkewe, "Hawajapaka."

Minza akasimama awafuate barabarani.

"Waache, Mama Silvana, wametoka mbali. Ila mtanipitisha shuleni kuagwa. Mniweke mbele ya ule ukuta. Watu wakija kuniaga hawatakuwa na pengine pa kutazama."

Aliaga dunia Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, saa nane mchana, nyumbani kwake Sumbawanga, akiwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

Sehemu inayofuata haimo kwenye ratiba mliyonayo mikononi, kwa sababu ratiba ilichapwa kabla ya jana mchana. Cornelia anaisoma kutoka karatasi ya pembeni.

Jana, Ijumaa, mwili ulifika shuleni. Turubai lilikuwa limefungwa upande wa bwalo, mbali kabisa na maabara. Minza akawaambia wabebaji wapite moja kwa moja hadi ukutani.

"Mama, huko kuna jua kali," Mkuu akamwambia.

"Marehemu hana shida na jua, Mkuu."

Jeneza likawekwa chini ya ile picha. Wanafunzi walipanga mstari, na nyuma yao walikuwepo wengi waliosoma pale zamani. Mkuu akashika kipaza sauti, akamsifu marehemu kwa bidii na uadilifu. Kisha akaona watu wanatazama juu ya kichwa chake. Akageuka. Akainua kidole akaanza kuhesabu ganda la tatu, moja moja, na kipaza sauti bado kiko mdomoni, hivyo sote tulimsikia. Amekuwa mkuu wa shule ile kwa miaka kumi na moja. Alipofika kumi akashusha kidole.

"Zilitakiwa ngapi?" akauliza, na hatujui alikuwa anamuuliza nani.

Uwanja mzima ukajibu, kuanzia kidato cha kwanza hadi watu wenye mvi: nane.

"Na hizi nyingine?"

"Nje."

Mkuu akaweka kipaza sauti chini, akaenda kukaa. Hakusema kama atapaka, na familia haitasubiri bodi ikae. Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuwa pale, watoto wake na yeyote mwenye brashi. Mkuu aichukue hii kuwa taarifa rasmi.

Mwalimu Gaudensi ameacha mjane, Minza; watoto watatu, Silvana, Timoth na Sharon; wajukuu wawili, Bertilla na Gabriel; wadogo zake, Cornelia na Adolfu; baba mkwe, Mzee Yonas, ambaye ameketi hapa karibu na kaburi na bado anauliza maswali; na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Mungu ampokee na ampumzishe, maana hapa duniani tulimchosha.