Bwana Gramu, Mpima Mizani wa Geti la Mpakani

Ndugu waombolezaji, familia inaomba mkae mtulie, karatasi ni moja tu ila imeandikwa pande zote mbili, na anayewasomea ni mdogo wake marehemu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bwana Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi viatu na mkulima wa vitunguu, akaanza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, wakati mdogo wake hakwenda shule kabisa, kwa sababu mmoja alitakiwa abaki shambani na mama, na jambo hilo lilimkaa marehemu moyoni mpaka uzeeni. Mwaka 1973 jembe lilimkata mdogo wake dole gumba, marehemu akachana mkono wa shati lake la shule akamfunga, na kesho yake akachapwa kwa kwenda darasani na shati la mkono mmoja.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kupima mizigo kwenye geti la mpakani, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya lori la kwanza, yeye na mpima wa upande wa pili walibadilishana mawe ya mizani ya kilo ishirini, la kwao likapimwa kwetu, la kwetu likapimwa kwao, jioni kila mmoja akarudishiwa lake, ili asitokee mtu wa kusema jirani anapunja.

Tarehe 19 Desemba 1987 alimuoa shemeji yetu huyu, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya geti, wakajaliwa watoto watatu, na wa kwanza, ambaye leo ni muuguzi, alipozaliwa mwaka 1989 marehemu alimwambia mkunga kwamba mizani yake inadanganya gramu mia mbili, wakabishana mzazi yuko kitandani, ikapimwa, ikawa kweli, na hilo jina likaanzia hapo.

Mwaka 2017 wakubwa wa nchi mbili walikorofishana, wao wakazuia mahindi yetu, sisi tukasema vitunguu vyao vinaua soko letu, balozi akarudishwa kwao, na ugomvi ukashuka mpaka mezani kwetu, mdogo wake akitaka geti lifungwe, marehemu akimuuliza kama magunia yake arobaini ya mahindi atayala peke yake, mpaka wakaacha kujuliana hali. Ikaja kamati kutoka makao makuu, ikataka marehemu atie saini kwamba jiwe la majirani ni jepesi, akasema jiwe lile amelipima kila Jumatatu kwa miaka thelathini na minne na halijapungua hata uzito wa ganda la kitunguu, akakataa. Wakulima nao wakapeleka barua, mdogo wake akaweka dole gumba, akijua ni ya kuomba vitunguu vya nje vizuiwe, kumbe ndani iliandikwa kwamba mpima ni kibaraka wa wakwe zake, na Jumatatu tarehe 6 Novemba 2017, saa sita mchana, geti likafungwa, marehemu akasimamishwa kazi, na mawe yalikuwa bado hayajarudishwa, letu likabaki kwao na lao likabaki kwetu.

Jioni ile alikuja kwa mdogo wake na nakala ya barua, madole sitini na moja, akagusa moja lenye kovu, akasema, “Hili nalijua, nililifunga mwenyewe kwa shati langu.” Akaenda zake, na mdogo wake hakujua kilichoandikwa mpaka kesho yake, aliposomewa na shemeji yake, ambaye ndugu zake ndio waliotukanwa humo ndani.

Miezi minane walipishana njiani kama wasiojuana, mahindi yakaliwa na wadudu ghalani, hadi tarehe 15 Julai 2018, marehemu alipobisha hodi na chaki na kipande cha mlango wa zamani, akasema, “Kaa hapa. Hutaweka tena dole kwenye usichokijua.” Alimfundisha miaka miwili, akicheka kwamba herufi za mwanafunzi wake zimelala kama magunia yaliyopakiwa vibaya.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021, hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ikiwa ng'ambo, nusu saa kutoka getini, na ya kwetu mwendo wa saa saba kwa basi, mdogo wake akaandika kwa mkono wake barua ya kwanza maishani, kuomba mgonjwa apitishwe, akaipeleka getini tarehe 3 Februari 2023, majibu hayajaja mpaka leo, na tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, marehemu alifariki ndani ya basi, kichwa begani kwa mkewe, hata nusu ya safari hawajafika.

Mpima mwenzake wa ng'ambo hakuruhusiwa kuvuka kuja kumzika, ila leo asubuhi alifika kwenye wavu, akampa askari jiwe letu limefungwa kwenye gazeti, tumelipima, halijapungua, na tukitoka makaburini mdogo wake atalipeleka la kwao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, dereva aliyesimamisha basi na abiria waliosubiri bila kunung'unika, majirani waliopika na kufagia, na wafanyakazi wa getini, hata wale walioogopa kumsalimia akiwa hai.

Kaka, karatasi hii imeandikwa na mdogo wako, ameisoma yote kabla hajaiwekea mkono, na chini hakuna dole, kuna jina. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.