Chumvi ya Ngombe Zetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni na nguvu, kwani kaka yangu hawezi tena kuitika.

Munanijua, mimi ni mufugaji wa Ngungu. Vita ilipofika, watu wa bunduki walichukua ngombe zetu zote. Tulikimbilia Sake, mimi na kaka yangu mukubwa na muke wake, na mufuko moja ya chumvi yenye tulikuwa tunalambisha ngombe. Ile njo ilibaki ya mali yetu! Kila asubuhi tulitia kipande mu kinywa, tukitaja ngombe kwa majina. Kichwa kinagonga, macho yanaona giza, tunasema: ni mabomu.

Siku moja niliingia farmasi ya Mama mumoja wa Butembo, kununua dawa ya kichwa. Akasema: "Papa, leta kwanza mukono nipime tensio, nguvu ya damu."

Nikakasirika. "Mama, kichwa njo kinauma, hapana mukono!"

Akacheka, akafunga kitambaa ya mashini. Akapima. Akapima tena, hakucheka. "Papa, damu inasukuma vibaya. Moyo utachoka, ao mushipa utapasuka mu kichwa. Unakula chumvi gani?"

Nikamuonyesha kipande.

"Yesu wangu! Hii ni ya wanyama!"

Akanipeleka yeye mwenyewe ku santé, kwa munganga. Nikapata dawa, nikaacha chumvi, kichwa kikatulia.

Ndugu zangu, sasa sikieni zambi yangu. Sikumuambia kaka. Nilisikia haya: mufugaji bila ngombe, tena mugonjwa! Nilikunywa dawa kwa kujificha. Kila asubuhi nilimuangalia akilamba, nikanyamaza. Wiki ya tatu alianguka na bido, dumu ya maji, mukononi, mudomo ukaenda upande. Siku mbili tu, akakufa. Tulimuzika Sake, mbali na malisho yake, na hakuna risasi yenye ilimugusa.

Ee Bwana, unisamehe! Uliniokoa kwa mikono ya yule Mama, na mimi nikafunga mulango nyuma yangu.

Leo yule Mama wa farmasi iko inje, ku mulango wa kanisa, na mashini yake. Musiseme ni vita tu. Musione haya kama mimi. Mutumainie Mungu, mutoe mukono!

Na wewe shemeji, mujane wa kaka yangu, nakuona pale nyuma unashika kichwa. Najua ule mufuko wa chumvi umefungwa mu kikwembe yako, kitenge yenye umejifunga. Simama, twende wote wawili. Leo sitanyamaza.