Mashine Inayoamkia kwa Bonaventura

Benchi la Dongobesh liko mbele ya duka la mbolea, na anayelitawala ni Konsolata, maana birika la kahawa ni lake. Asubuhi hiyo alimimina kwa hasira. Vitunguu saumu vyake kule Nambis vilikuwa vimegeuka njano, siku ya kumi na moja bila maji. Kikundi chao cha watu sita kiliweka mashine kwenye bomba la shamba, ndani ya sanduku lenye kufuli, baada ya watu wazima kutoana damu kwa majembe wakigombea zamu. Kila alfajiri mashine inaamka, inamfungulia mmoja maji, inafunga, inalala kutunza betri. Majina waliyapanga kwa umri, mkubwa kwanza, kama wanavyoamkiana. Konsolata alikuwa wa sita. Na siku zote hizo maji yalikwenda kwa wa kwanza, Mzee Bonaventura, ambaye sasa alikaa katikati ya benchi akipuliza kahawa kama askofu.

— Mzee, sema ukweli, alianza Hhando, ambaye wanamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Umeipa nini ile mashine?

— Nimeipa shikamoo.

— Umeipaka mafuta ya kondoo. Mke wangu ameyanusa.

— Mkeo ananusa kila kitu isipokuwa wewe.

Tomaso, mfugaji wa Gehandu, hana kitunguu hata kimoja kwenye kikundi, ila ana maoni ya kutosha kata nzima.

— Si mafuta. Ile ina jicho. Inapiga picha mashamba, inawapelekea wanunuzi, wachague la kuua ili bei ipande.

— Mbona wamemwacha huyu? aliuliza Hhando, akimnyooshea mzee kidole.

— Ameshawauzia, hata hajavuna!

— Tomaso, chunga ulimi, alisema Bonaventura. Mashine ina adabu tu. Inamjua mkubwa.

— Adabu siku kumi na moja? aliuliza Konsolata. Hata padri anamaliza misa, mzee.

Ndipo akafika Letisia, fundi waliyemwita, kompyuta kwapani na tope hadi magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba. Hirizi umeiona? aliuliza Hhando.

— Hakuna hirizi. Ikilala inazima karibu kila kitu, hesabu ya zamu inafutika. Ikiamka haijui kama kulikuwa na jana, inaanza na moja. Kuna sehemu ndogo ya kumbukumbu inayobaki na umeme hata usingizini. Aliyeitengeneza hakuiweka hesabu humo. Mimi nimeihamishia humo.

— Basi yamekwisha, alisema Bonaventura haraka. Iendelee kwa wa pili.

Wa pili alikuwa Hhando. Ghafla mafuta ya kondoo yakaacha kunuka.

— Kabisa, alisema. Utaratibu ni utaratibu.

Konsolata alihesabu kwa vidole chini ya khanga. Zamu nne kabla yake. Vitunguu vyake visingemaliza hata mbili. Na kumpinga mzee mbele ya watu, hapo alishajaribu mara moja leo.

Letisia alifungua kompyuta magotini.

— Kesho itaanza na namba nitakayoiandika sasa, na haitaisahau. Nimepita mashambani, lakini niwasikie nyie wenyewe: la nani halifiki Jumapili?

Tomaso alitazama ng'ombe wanaovuka barabara. Hhando alichungulia kikombe chake kitupu, akakisogeza aongezwe. Konsolata hakuligusa birika.

— Mzee? aliuliza Letisia.

Bonaventura alikohoa, kikohozi kirefu kisicho na mafua.

— Haya, alisema Letisia. Hamjui.

Akaandika sita.